Simu Haichajiwi Ikiwa Imevaa Sweta

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, Domitila Bura anavua simu nguo.

Anaivua ya kwanza taratibu, kama mama anayemvua mtoto aliyepitiwa na usingizi. Kifuko cha bluu cha mteja wa sokoni, kilichofumwa kwa uzi wa sweta, kinagoma kidogo penye kona, kisha kinatoka. Anakitundika kwenye msumari ukutani, anailaza simu juu ya kigae kilicho chini ya msumari huohuo, halafu anaigusa mgongoni kwa kiganja.

"Haina homa," anatangaza. "Inayofuata."

Kibanda chake cha kuchajia simu kimebanwa kati ya saluni ya kiume na duka la pembejeo, jirani na soko la mjini Babati. Kina ukubwa wa choo cha shule ya bweni na, kwa heshima zote kwa shule za bweni, kinanukia vizuri zaidi. Ndani kuna meza iliyotandazwa vigae, safu ya misumari ukutani, ndoo ya mchanga mkavu na, katikati ya meza kama mwenyekiti wa kikao, chaja moja nyeusi isiyozidi ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia.

Chaja hiyo inaitwa Transfoma. Ina wati mia moja na matundu manne. Imewahi kushtakiwa hadharani kwa kuunguza mali za watu, na hukumu ilitolewa siku hiyohiyo, bila mshtakiwa kupewa nafasi ya kujitetea.

Leo Domitila hajatulia. Kila pikipiki inayopunguza mwendo inamfanya ainue kichwa.

"Mama Calvin," anaita Mikidadi, kinyozi wa jirani, kutoka mlangoni kwake, "ukiendelea kuwatazama bodaboda hivyo, kuna mmoja ataleta posa."

"Nyoa huko, Mikidadi. Mteja wako anasinzia."

"Hasinzii, anafurahia huduma."

Domitila hacheki sana. Anasubiri kikapu.

Kikapu hicho hutoka katika kitongoji kimoja cha milimani huko Sigino, ambako nguzo za umeme zimefika bondeni, zikatazama mlima, zikaghairi. Kwa miaka mingi Mzee Herieli Tluway, mkulima wa huko, alikuwa akikusanya simu za majirani kila Jumamosi, akizipanga kikapuni pamoja na tochi na redio, na kushuka nazo mjini. Kumi, kumi na mbili, siku nyingine zaidi. Hakuwa na haja ya majina. Kila nyumba ilifuma kifuko cha rangi yake: ya chungwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, ya kijani kwa mwalimu wa kwaya, yenye mistari kwa mapacha wasioelewana. Ukiiona sweta, umemwona mwenye simu.

Sasa ni zaidi ya mwezi kikapu hakijashuka.

Kwa Domitila, anayetoza shilingi mia tatu kwa kitochi, simu ya vitufe, na mia tano kwa simu janja, kikapu hicho ni karibu nusu ya kazi ya siku yake iliyo nzuri kuliko zote. Lakini ukimgusia hela anapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Hela inatafutwa," anasema. "Hao watu waliniamini tangu nachajia kwa betri ya gari. Wakisema Domitila anaunguza, nani mwingine atabisha? Nitaenda kuuza nini Babati hii, uso?"

Domitila, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, alizaliwa Mutuka katika nyumba ya wakulima. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 na Babati kufanywa makao yake makuu, alikuwa binti anayeuza ndizi mbivu kwa maafisa wapya waliokuwa wakishuka kwenye magari na magodoro yao. Aligundua jambo moja: kila afisa alishuka na simu, na kila simu ilikuwa inataka chakula.

"Ndizi walikuwa wananunua wakijisikia," anakumbuka. "Simu ikizima, hawaulizi wanajisikiaje."

Akaacha ndizi. Alianza na betri ya gari iliyochoka, baadaye umeme wa kibandani, baadaye rundo la chaja ndogo zilizoning'inia kama popo. Chaja hizo zilikuwa za polepole kiasi kwamba mteja angeweza kuacha simu, akaenda kusikiliza kesi ya shamba, akashindwa, akakata rufaa, akarudi na kuikuta asilimia sitini.

Mwaka jana mpangaji mmoja, mtumishi wa ofisi aliyehamishiwa mkoa mwingine, alimwachia Transfoma kwa bei ya kuagana. Tundu moja liliweza kulisha laptopu, na yaliyobaki yakalisha simu kwa wakati huohuo. Simu janja iliyokuwa inakaa nusu siku ikawa inajaa kabla mwenyewe hajamaliza kununua dagaa.

Mji ukagawanyika. Wenye haraka walishangilia. Wenye busara walitikisa vichwa.

"Mama mmoja aliniambia, wati mia moja kwa kitochi ni sawa na kumnywesha kifaranga kwa bomba la zimamoto," anasema Domitila. "Nikamwambia, mama, chaja hii ni mwenyeji mwenye adabu. Mgeni akiingia anaulizwa kwanza: unakula kiasi gani? Kitochi kinasema kijiko kimoja, kinapewa kijiko kimoja. Laptopu inasema sahani, inapewa sahani. Sufuria kuwa kubwa jikoni hakumlazimishi mtoto kuvimbiwa."

Ndivyo ilivyo kwa chaja za aina hiyo zilizotengenezwa vizuri: namba iliyoandikwa ubavuni ni uwezo wake wa mwisho, si kile inachomsukumia kila anayeguswa na waya wake. Kifaa ndicho kinachochukua kinachohitaji. Domitila anaongeza masharti yake mawili, akiyahesabu kwa vidole. Waya uwe mzima, maana waya uliochubuka au mwembamba kama uzi wa kushonea hupata moto wenyewe. Na chaja za laptopu za zamani, zile za pini ya mviringo, zisiguse kifaa kisicho chake.

"Hizo hazina adabu," anasema. "Haziulizi. Zina kipimo chao, zinamimina hichohicho, uwe unakiweza au hukiwezi. Muulize huyo hapo."

Huyo hapo ni Mikidadi, ambaye ghafla anakumbuka kwamba kioo chake kinahitaji kufutwa.

Kisa chenyewe kinajulikana mtaa mzima. Mikidadi alipoteza chaja ya mashine yake ya kunyolea. Akaikuta chaja ya zamani ya laptopu ya binamu yake, akaijaribu pini, pini ikaingia bila kelele. Kwa Mikidadi hiyo ilikuwa ndoa halali.

"Iliingia!" anajitetea mpaka leo. "Kama si yake, imeingiaje?"

"Hata kuku huingia kanisani," anajibu Domitila.

Mashine iliunguruma kwa nguvu ambayo haikuwahi kuwa nayo, ikatoa harufu ya ukoko, ikanyamaza milele. Kwenye kiti alikuwepo mpambe wa bwana harusi, amenyolewa upande mmoja, na kanisani walikuwa wameshaanza kupanga viti. Mikidadi alimalizia kwa wembe. Mpambe alitoka na kipara kinachong'aa kuliko pete, na picha za harusi zipo kwa atakayehitaji ushahidi.

Kosa lilikuwa la pini ya mviringo, na chaja haikutoka kwa Domitila. Lakini habari ikisafiri Babati haibebi mizigo mingi. Ilipofika sokoni ilikuwa imebaki maneno matatu: chaja kubwa imeunguza.

Jumamosi iliyofuata, simu ya Mama Kindness wa kule mlimani ikavimba.

Domitila anaposimulia sehemu hii anaacha kazi, anafuta mikono kwenye kanga ingawa haina kitu. Mzee Herieli alikuwa amerudi jioni kuchukua kikapu. Akainua kifuko chekundu, akakibonyeza.

"Mama Calvin," akasema, "hii imekula nini?"

Simu ilipotolewa, mgongo wake ulikuwa umeinuka kama andazi. Domitila alichomoa waya, akaibeba kwa vidole viwili na kuizika kwenye ndoo ya mchanga, kama alivyofundishwa, kwa sababu betri iliyovimba ikitobolewa au ikibanwa inaweza kulipuka kwa moto. Alifanya sawasawa kabisa. Ila kwa mtu anayetazama kutoka nje, mwanamke anayezika simu mchangani mbele ya umati hana sura ya mtu asiye na hatia.

"Nilisema mimi!" alipaza sauti mtu nyuma, mmoja wa wale ambao siku zote huwa walishasema.

Mzee Herieli ni mtu ambaye akikasirika huongea kidogo. Siku hiyo alikusanya vifuko, rangi moja baada ya nyingine, akakiacha chekundu peke yake, akaondoka.

Mama Kindness, jina lake Martha, ni mjane. Ana mtoto mmoja, Kindness, anayepika chakula cha wachimbaji huko Mirerani na humpigia mama yake kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili ile alipiga, namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akapigia majirani. Simu zao zilikuwa zimerudi mlimani zikiwa na chaji kiduchu, maana kikapu kiliondoka kabla ya kazi kwisha, na nazo zilikuwa zimeshazima.

"Mwanangu aliacha sufuria jikoni akapanda basi," anasema Mama Kindness. "Alifika kwangu Jumatatu analia, amejitanda nguo nyeusi kabisa. Akanikuta shambani navunja mahindi, naimba."

Kindness alipoteza siku za kazi, na nusura apoteze kazi yenyewe. Kitongoji kizima kiliiona ile nguo nyeusi ikipanda mlima. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za wati.

Domitila aliipeleka simu iliyovimba kwa Luqmani, fundi simu wa mtaa wa nyuma. Luqmani aliitoa betri kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba kwenye jicho, akaigeuza.

"Hii ya mnadani," akasema. "Ya bandia. Ila hata bandia haivimbi bila kuchokozwa. Ilikuwa wapi?"

"Mezani kwangu."

"Imevaa nini?"

"Sweta yake."

"Wakati inachaji?"

Domitila anasema alianza kulisikia jibu kabla ya kulitamka. Miaka yote alikuwa akichaji simu za kikapu zikiwa ndani ya vifuko, waya ukipita kwenye tundu la chini. Kuvua ilikuwa hatari: ukichanganya sweta umechanganya ukoo. Tena kule mlimani kumvulia mtu kifuko cha simu bila ruhusa ni kama kumfungulia mkoba.

"Nilikuwa nawaheshimu," anasema. "Hicho ndicho kilichoniuma. Sikuzembea. Niliwaunguza kwa heshima."

Luqmani hakumsimanga. Alichukua simu mbili zinazofanana, akafuatana naye kibandani, akazichomeka kwenye Transfoma, moja tupu, nyingine ndani ya kifuko chekundu. Wakaagiza chai. Vikombe vilipokwisha, iliyo tupu ilikuwa vuguvugu kama chupi iliyoanikwa juani. Iliyovaa ilikuwa ya moto na imeanza kuchaji polepole yenyewe.

"Simu nzima ikisikia joto inapunguza kula," Luqmani akaeleza. "Betri ya bandia haina akili hiyo, inaendelea tu. Chaja zako za zamani zilikuwa za polepole, joto linapata muda wa kutoka hata kama kuna sweta. Hii inalisha haraka. Haraka na sweta haviwezi kulala kitanda kimoja, dada."

"Kwa hiyo nizirudishe zile za zamani?"

"Kwa nini? Wewe vua."

Ndipo misumari ikagongwa ukutani na meza ikawekwa vigae, maana kigae hubaki baridi. Sheria ya kibanda ikawa moja, isiyo na rufaa: nguo msumarini, mwenye nguo chini yake, asihame mpaka ajae. Simu ikipata joto la kuunguza kiganja inachomolewa. Iliyovimba haichajiwi hata ikiletwa na mchungaji.

Ilibaki sehemu ngumu, nayo ilikuwa mlimani.

Domitila alinunua betri halisi, Luqmani akaifunga, na Jumapili moja alasiri akapanda bodaboda kwenda Sigino na simu ya Mama Kindness mkobani, pamoja na pawabenki. Alimkuta Mzee Herieli akigeuza mahindi kwenye turubai. Mama Kindness alikuwa pale pale, anapepeta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

Hakuna aliyemwambia karibu. Domitila alikaa. Alitoa simu yake mwenyewe, akaivika kifuko chekundu, akaichomeka kwenye pawabenki, akaomba radhi wakati inachaji. Hakutumia maneno ya wati. Baada ya muda alimpa mzee.

"Shika, baba."

Mzee Herieli alitia mkono ndani ya kifuko. Akauacha humo. Akautoa, akautazama.

"Hujaniambia kitu kigeni," akasema hatimaye. "Funga mahindi mabichi kwenye gunia, kesho tia mkono katikati. Utakuta moto, na hakuna aliyewasha. Gunia halina kosa. Mahindi hayana kosa." Akashika reki yake. "Kosa ni kuyafunga."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe umesoma wapi kulima simu?"

Domitila anasema alitaka kucheka, akaogopa. Alimgeukia Mama Kindness na kumpa simu yake. Mama Kindness aliiwasha, akapiga Mirerani, akasikia "haloo" ya mwanawe, akakata.

"Inafanya kazi," akasema.

"Nisamehe, mama Kindness."

"Nimesikia."

Kusikia, kule mlimani, si kusamehe. Ni kupokea barua. Majibu huja kwa wakati wake. Mzee Herieli alimsindikiza Domitila hadi njiani, akamwambia yeye ni mbebaji tu, simu ni za watu, na watu wataongea. Wiki hii ujumbe ukashuka kwa mdomo wa muuza maziwa: labda Jumamosi.

Leo ndiyo Jumamosi.

Saa nne inakaribia wakati pikipiki inapunguza mwendo, na safari hii haiendelei. Aliyekaa nyuma si Mzee Herieli. Ni Mama Kindness, amekipakata kikapu magotini kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

"Shikamoo mama Kindness," anasema Domitila.

"Marahaba. Mzee amesema, aliyeunguliwa ndiye aje kuangalia." Anashusha kikapu. "Hazikutimia zote. Kuna nyumba tatu zimekataa."

"Sawa, mama. Karibu kiti."

Domitila anavua, anatundika, analaza, anagusa. Anakuta kitochi kimoja chenye waya uliofungwa kwa plasta ya kidonda. Anauweka waya huo kando, anakipa waya wa kibandani. Anakuta redio ya pini ya mviringo na kuiacha kikapuni. "Hii ije na chaja yake," anasema. "Mwambieni mwenye nayo asiibahatishe."

Anafika kwenye kifuko chekundu. Mama Kindness anamzuia mkono.

"Hiyo naivua mwenyewe."

Anaivua. Anakitundika kifuko msumarini yeye mwenyewe, anailaza simu kwenye kigae, anasubiri Domitila achomeke, kisha anasogeza kiti na kuweka kiganja chake juu ya simu. Anakiacha hapo. Wateja wanaingia na kutoka, kiganja hakihami.

"Mama," anasema Mikidadi, ambaye hana uwezo wa kuuacha ukimya upite salama, "hiyo simu si mgonjwa, unaweza kuiacha ipumue."

Mama Kindness anamtazama kuanzia kandambili.

"Wewe ndiye uliyemnyoa mpambe nusu?"

Mikidadi anarudi ndani kufuta kioo.

Domitila anaendelea na kazi. Anasema nguzo siku moja zitaupanda ule mlima, na siku hiyo kikapu hakitakuwa na sababu ya kushuka. Analijua hilo na halimnyimi usingizi. Amepanga kupanda kabla ya umeme kuwashwa, nyumba kwa nyumba, kuwaonyesha watu kwa mikono yao: simu isichajiwe chini ya mto, isichajiwe kwenye godoro, pini isilazimishwe, sweta ivuliwe.

"Hapa nina misumari na macho yangu," anasema. "Kule kila mtu atakuwa peke yake na soketi yake, na usingizi. Nisipowaambia mimi, wataambiwa na moshi."

"Utapata nini hapo?" anauliza Mama Kindness, macho yakiwa kwenye simu.

"Chai, labda."

"Chai ipo."

Simu imefika asilimia arobaini. Mama Kindness anainua kiganja, anakigusisha shavuni kama anayelinganisha, anakirudisha. Anainua tena. Safari hii hakirudishi. Anasimama, anajifunga kanga upya, anatazama upande wa soko.

"Sina chumvi nyumbani," anasema. Anashuka kizingiti, anageuka nusu. "Iangalie."